Fremu Hula Ukingo

Mwanzi haukatwi mwezi ukiwa mpevu.
Maji yamepanda juu, na kwenye maji kuna sukari,
na sukari humwita dumuzi, na dumuzi
hatanisaidia kurudisha hela ya mteja.
Kwa hiyo nangoja mwezi umezwe na kiza,
nashuka mto Karanga na panga,
nachagua wa miaka mitatu, minne.
Naugonga kwa ukucha:
ukijibu kama mlango, nakata;
ukijibu kama tumbo, nauacha.

Wiki mbili mtoni, chini ya mawe.
Kisha moshi wa maganda ya kahawa
mpaka kijani kisalimu amri.
(Moshi wa Moshi, wananitania.
Nimeshausikia huo.)

Hapa Njoro naitwa Kileo wa Fremu.
Kibo nimekifremu mara ngapi, sijui.
Kibo na twiga. Kibo na Wamasai wembamba kama njiti.
Kibo bila twiga, bei ileile.
Wachoraji wananiletea alfajiri, rangi haijakauka,
wanazitaka saa nne, kabla basi la wageni halijashusha.
Na mlima wenyewe, nyuma ya bati langu,
umejifunika shuka, hautaki kupimwa.

Jumanne akaja Mama Ndekirwa wa Pasua
na bahasha kubwa ya hospitali, zile za eksirei.
Nikajua ni nyonga, au kifua.
Kumbe mbuzi.
Mbuzi wa mkaa juu ya karatasi ya mfuko wa saruji,
miguu mitano.
"Wa tano ni mkia," akasema.
"Alikuwa na miaka sita, usimcheke."
Sikumcheka. Nikatoa futi.

Sasa, kuna jambo katika kazi hii
ambalo hatuliandiki kwenye ubao wa bei:
fremu hula ukingo.
Nusu inchi kila upande, inameza kimyakimya,
ili picha isidondoke.
Huwezi kukishika kitu
bila kukifunika kidogo.

"Hapa usinifunikie."
Chini, kulia, pembeni kabisa:
alama ya dole gumba, nyeusi,
ndogo kama punje ya buni.
Mtoto aliishikilia karatasi isipeperuke.

"Na sasa yuko wapi, fundi mwenzangu?"
"Mererani. Shimoni.
Simu haishiki huko chini."
Akaitazama yake, akaifunga tena kwenye pindo la kanga.
"Tangu Pasaka."
Barabarani walishaanza kuuza mahindi ya kuchoma.

Mwanzi si mbao. Ukiukata mshazari
unakuonyesha utupu wake,
na shimo kwa shimo
hayashikani kwa gundi.
Sharti utie kigingi ndani, natumia mparachichi,
kisha uzungushe katani mbichi, iliyolala kwenye maji,
maana katani ikikauka ndipo inapokaza.
Nimefunga pembe nne usiku wa Alhamisi
taa ikizimika na kurudi, ikizimika na kurudi,
vidole vikiendelea tu, havina habari na taa.

Nimetengeneza fremu kubwa kuliko picha.
Karatasi nimeishona kwa uzi juu ya gunia safi,
kingo zote ziko nje, hata pale ilipochanika,
hata neno SARUJI, lililosimama kichwa chini
kama nyasi anazozifuata mbuzi.
Kubwa ni elfu ishirini.
Nikamwambia kumi na mbili. Akatoa kumi na tano,
akagoma kupokea chenji,
akasema nisimhurumie, nimfanyie kazi.

Atakuja kesho kuichukua.
Jioni hii nimefunga kioo, nikagonga misumari midogo,
nikaiegemeza ukutani katikati ya Kibo na Kibo,
nikarudi nyuma hatua tatu.
Ndani ya kioo, chini, kulia:
madole gumba mawili.
Moja la masizi. Moja la vanishi, bado bichi.

Nikang'oa misumari yote kumi na sita,
nikafuta langu.